Sura ya Saba: Shujaa Aliyekosa Kazi

Miongoni mwa hadithi zote zilizotungwa kwa ajili ya kompyuta, sijui iliyo na mwisho wa kinaya kuliko ile ya mchezo wa Diablo, uliotolewa nchini Marekani katika mpito wa mwaka 1996 na 1997. Kwani humo mchezaji, akiisha kushuka matabaka 16 chini ya kanisa la mji wa Tristram, akiua mizuka na mashetani kwa upanga, mshale au uganga, na akiisha kumwangusha Ibilisi mwenyewe katika tabaka la mwisho, humwona shujaa wake akilitwaa jiwe lile lililokuwa kifungo cha roho ya adui na kulididimiza katika kipaji cha uso wake, akidhani kuwa nguvu zake zitatosha kuidhibiti. Hazikutosha. Sehemu ya pili ya mchezo ilipotoka mwaka 2000, wachezaji walimkuta mtu yule yule akitangatanga amejifunika joho, naye ndiye aliyekuwa balaa jipya la ulimwengu. Sidhani kuwa watungaji walikusudia kutoa fumbo, lakini walilitoa: mtu aliyejikusanyia nguvu kwa ajili ya kazi moja, kazi ile ikiisha, atazipeleka wapi?

Michezo ninayoitaja katika sura hii ni ile ambayo mchezaji huvaa uhusika wa mtu mmoja, awe askari, mchawi au mpiga upinde, akamwongoza kwa vidole vyake katikati ya mapambano yasiyongoja zamu, na kila adui aangukaye humwongezea mhusika huyo ujuzi na kumwachia ngawira: upanga ulio bora kidogo kuliko wa jana, deraya iliyo imara zaidi, pete yenye fadhila fulani. Michezo hii ina maisha mawili. Ya kwanza ni hadithi yenyewe, ambayo vijana wetu huiita stori, nayo ina mwanzo na hatima, na mtu mwenye bidii huimaliza kwa juma moja au mawili. Ya pili huanza siku ile jitu kuu linapoanguka, nayo haina mwisho uliowekwa na yeyote, na kwa sababu hiyo wengi huingia ndani yake kwa kishindo na kutoka kimya kimya, pasipo hata kujua siku waliyotoka.

Mgeni aijuaye Diani, katika pwani ya kusini ya Kenya, kwa mchanga wake mweupe, na kwa mbega wanaovuka barabara kwa ngazi za kamba zilizofungwa juu ya magari, hangedhani kuwa shida hii ya kubaki bila kazi hadithi ikiisha ina makao huko. Hata katika vibanda vya gemu vya Ukunda hangeiona upesi, kwa kuwa humo kandanda ndiye sultani: benchi la mbao, televisheni moja ukutani, pedi mbili ambazo vibonyezo vyake vimelainika kwa jasho la mikono mingi, na sheria isiyoandikwa kwamba aliyefungwa huinuka na kumpisha mwenziwe. Mchezo wa kuvaa uhusika hauna nafasi mahali kama hapo, maana huwezi kumwambia kijana aliyekwisha lipa na anayengoja zamu yake kwamba umebakiwa na pango moja la kusafisha. Maskani yake ni nyumbani, katika kompyuta ya mitumba au katika simu. Na tangu nyaya za baharini za intaneti zilipofika Mombasa mwaka 2009, na hasa tangu Genshin Impact ilipotoka mwaka 2020 na Diablo Immortal mwaka 2022, michezo yote miwili ikiwa inachezeka katika simu, hapana kijiji kati ya Tiwi na Vanga ambacho shujaa wa namna hiyo hawezi kufika, maadamu bando lipo na stima haijapotea.

Zaidi ya hayo, kusini mwa pwani kuna jambo lingine linaloizidisha shida yenyewe, nalo ni wakati. Mvua za masika zianzapo, wageni hupungua, na hoteli nyingi za Diani hupunguza watu au kuwapa likizo isiyo na mshahara hadi wageni warudi. Na mwaka 2020, kwa ajili ya maradhi ya korona, hoteli nyingi zilifungwa kabisa na vijana wa mapokezi, wa jikoni na wa mashua wakarudi makwao Msambweni na Kinango na simu zao mkononi. Mtu afanyaye kazi kutwa humaliza hadithi ya mchezo kwa mwezi mmoja au miwili, akaionja kidogo kidogo. Asiye na kazi huimeza kwa siku chache, na asubuhi ya pili yake hukuta shujaa wake amesimama katikati ya mji, deraya inang'aa, hapana adui, hapana aliye na haja naye. Hufungua sanduku la ngawira. Huchukua pete mbili, moja inayozidisha pigo kwa sehemu 4 katika 100 na nyingine kwa sehemu 5, huzilinganisha ilhali jawabu analijua, hurudisha moja, hufunga sanduku. Kisha huzunguka mji mara moja na kuzima simu.

Wazazi husema huyu amekuwa ajizi. Mimi nasema amepoteza muradi, na mambo haya mawili hayafanani. Hadithi ilikuwa imemkopesha muradi, ikampa adui wa kumchukia, njia ya kuipita na watu wa kuokolewa, naye hakuona haja ya kutafuta wake mwenyewe. Deni lilipodaiwa, alikutwa hana kitu.

Watengenezaji wa michezo waliliona jambo hili zamani, na dawa zao zimekuwa nyingi. Katika Diablo II walimpitisha mchezaji katika hadithi ile ile mara tatu, kila mara maadui wakiwa wakali zaidi, na wakamwekea ngazi ya madaraja 99 ambayo vidato vyake vya mwisho ni virefu kiasi cha kuwa wachache mno waliofika juu. Ndugu wengine, wa kampuni ya Grinding Gear Games huko New Zealand, waliotoa Path of Exile mwaka 2013, wameifanya hadithi kuwa kizingiti tu cha kuingilia katika mchezo wenyewe. Lakini kisa kinachofunza kuliko vyote ni kile cha soko la mnada la Diablo III, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapo kwa kitambo.

Mchezo huo ulipotolewa mwezi wa Mei 2012, ndani yake mlikuwa na soko ambamo mchezaji aliweza kuuza na kununua ngawira, kwanza kwa dhahabu ya mchezo na punde baadaye kwa fedha halisi. Nia ya waliolijenga haikuwa mbaya. Katika sehemu ya pili wachezaji walikuwa wakiuziana vitu nje ya mchezo, katika vichochoro vilivyojaa matapeli, na ilionekana kuwa ni heri biashara hiyo iletwe mahali penye mwanga na amana. Kwa hisabu ya mfanyabiashara hapakuwa na kosa. Lakini aliyekesha usiku kucha akiua maelfu ya mashetani kwa ajili ya upanga mmoja, asubuhi aliukuta ulio bora zaidi sokoni kwa bei ndogo, na aliyepata upanga wa ajabu hakuuvaa bali aliupeleka mnadani. Na polepole mashujaa wa ulimwengu ule wakageuka wachuuzi, wakikodolea macho orodha za bei kuliko mapango, kwa kuwa huko ndiko nguvu zilikopatikana kwa urahisi. Mwezi wa Machi 2013, Jay Wilson, aliyekuwa ameuongoza ujenzi wa mchezo, alisema wazi mbele ya watengenezaji wenziwe huko San Francisco kwamba soko lile liliuumiza mchezo. Mnamo tarehe 18 Machi 2014 likafungwa, na juma moja baadaye ikatoka nyongeza iitwayo Reaper of Souls, ambamo ngawira iliyo bora kabisa hufungamana na aliyeiokota, haiuzwi, na maadui huacha zaidi vitu vimfaavyo yule aliyewaua.

Hoja yangu nzima imo katika kisa hicho. Hakuna aliyekuwa akiutamani upanga kwa kuwa ni upanga. Picha ya upanga haikati hata muwa. Kilichotamaniwa ni kuustahili, na pindi njia ya kuupata pasipo kuustahili ilipofunguliwa, hata wale wasioipita waliona kwamba thamani imekwisha toka. Anayelia kwamba amemaliza hadithi na sasa hana cha kutafuta isipokuwa vitu bora zaidi, amejipeleka mwenyewe mnadani bila ya kuwako mnada.

Lakini nisiwe kama nisiyejua mvuto wa vitu. Adui mmoja kati ya mamia aangukapo, mnara wa nuru ya rangi ya machungwa huchomoza kutoka ardhini, na sauti yake huitambua hata aliyefumba macho. Moyo hudunda kabla ya akili kuuliza ni nini. Mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, B. F. Skinner, alikwisha onyesha, kwa njiwa waliodonoa kidude ili wapate punje, kwamba malipo yajayo bila ya utaratibu unaojulikana hudumisha kazi kuliko yajayo kwa hisabu, na watengenezaji wa michezo hawakuisahau elimu hiyo. Isipokuwa kuendelea kudonoa na kufurahi ni mambo mawili. Mwaka 1973, Mark Lepper, naye mtaalamu wa elimu ya nafsi, na wenziwe wawili walikwenda katika shule ya watoto wadogo huko Stanford, wakawachagua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi, na baadhi yao wakawaahidi cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe iwapo wangechora. Watoto hao walichora, wakapewa cheti, na juma moja au mawili baadaye, walipoachiwa huru, walizigusa kalamu kwa muda upatao nusu ya ule wa watoto wasioahidiwa kitu. Cheti kilikuwa kimewafundisha kwamba kuchora ni kibarua.

Sasa tuiache simu, tukae barazani. Bao la kete lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo kwa desturi ni mbegu za mkomwe, kile kichaka cha miiba kiotacho kando ya bahari. Kila mchezaji huanza na kete 10 zilizopangwa upande wake, 6 kati yake zikiwa zimelala katika nyumba, na nyingine 22 anazo mkononi. Huzinamua moja moja, akila za mwenziwe zilikapo, akitakata zisipolika, hadi mkono uwe mtupu, na hapo ndipo mchezo uingiapo katika mtaji, ambamo mkono mmoja wa fundi huweza kuzunguka mashimo hata mtazamaji akapotewa na hisabu ilhali yeye mwenyewe alikwisha jua tangu kete ya kwanza ingekomea wapi. Atakayefungwa kabla ya mtaji amefungwa mkononi, na hiyo ni fedheha ambayo baraza haitaiacha ipoe kabla ya sala ya Magharibi.

Mchezo huu hauna hadithi, wala ngawira, wala daraja la 99. Mzee wa Msambweni anayecheza leo hana kete bora kuliko alizokuwa nazo akiwa kijana. Kila zikipangwa upya yeye na mwanafunzi wa jana huanza sawa kwa sawa. Kwa kipimo cha watengenezaji wa michezo ya kompyuta, mchezo kama huu ulipasa kumchosha mtu kwa siku mbili, na kumbe watu wameucheza tangu ujana hadi mvi, jioni kwa jioni, chini ya mwembe ule ule. Kijana mmoja, ambaye simu yake ilikuwa imezimika chaji, aliwahi kumwuliza mmoja wao mbele yangu, "Babu, kwani huchoki?" Mzee hakuinua macho. "Mjukuu wangu," alisema, akimwonyesha kwa kidevu aliyeketi mbele yake, "jana huyu amenifunga," na akachota kete.

Jawabu hilo lina mambo mengi kuliko lilivyo fupi. Pana deni linalodaiwa, na mdai na mdaiwa wanajuana kwa majina na kwa ukoo. Pana ufundi ambao hauwezi kununuliwa wala kuokotwa, uliokaa kichwani na vidoleni na utakaokwenda naye kaburini. Na pana baraza, yaani watu waliosimama nyuma ya wachezaji, wanaolia kwa uchungu mbinu nzuri ikikosewa na ambao wiki ijayo watakumbuka nani alimfunga nani na kwa kete gani. Mwaka 2006, Richard Ryan, Scott Rigby na Andrew Przybylski, wataalamu wa elimu ya nafsi, walitangaza uchunguzi wao juu ya michezo ya kompyuta na kusema kuwa kinachomfurahisha mchezaji na kumtia hamu ya kurudi ni kujiona ana hiari, kujiona ana umahiri, na kujiona ana wenziwe. Ni kazi ya heshima, na naikubali yote, ingawa wangalipanda feri ya Likoni wangaliyakuta yote matatu kwenye mkeka mmoja.

Kwa hiyo aliyemaliza hadithi, na bado anaupenda mchezo wake, na ajiulize kwanza kama anapenda kupigana au anapenda kupokea. Akiwa ni mpenda kupigana, kazi ipo tele, maana anaweza kujiwekea shurti ambayo hakuna aliyemlazimisha: kuyapita mapango yote kwa silaha anayoidharau kila mtu, au kulikabili jitu kuu bila ya deraya, au kuunda mhusika ambaye waliobobea wanasema hawezi kufaa na kuwaonyesha kuwa anafaa. Anayezifuata njia zilizochorwa na wengine, akinakili silaha hii na fadhila ile kama alivyoambiwa, hufika juu upesi, na huchoka upesi vilevile, kwa sababu hakuna hata hatua moja aliyoichagua.

Katika michezo mingi ya namna hii mna pia shurti ya mauti, ambayo mhusika akifa mara moja amekufa milele, na wapo wanaoiona kuwa ndiyo raha ya kweli, kwa kuwa kila pigo huwa na uzito. Siwashauri watu wa Kwale waikimbilie kwa pupa. Adui mkuu huku hayumo ndani ya mchezo: stima hupotea, mtandao hukatika, na kwa kuwa mchezo unaendeshwa na seva za ng'ambo, shujaa hubaki amesimama sekunde chache katikati ya mashetani kama mtu aliyepigwa na bumbuwazi, na taa zirudipo ameshazikwa. Kufa kwa kosa lako ni funzo, lakini kufa kwa kukatika umeme ni hasara tupu. Anayeitaka shurti hii na awe na kompyuta yenye betri nzima, na intaneti ya simu pembeni.

Yapo pia yale yaitwayo misimu, ambayo katika Diablo III ilianza mwaka 2014 na ambayo sasa imekuwa desturi ya michezo hii karibu yote: kila baada ya miezi michache mlango mpya hufunguliwa, na atakaye kuingia huacha nje mali yake yote na kuanza na mhusika mpya asiye na kitu. Wasioelewa huuliza faida ya kubomoa ulichojenga. Lakini mvuvi wa Gazi, kusi ikiisha kutulia na kaskazi ikianza kuvuma, hurudi baharini na mtego mtupu kama ulivyokuwa mwaka uliopita, wala hasemi kwamba ameanza upya, kwa maana anajua changu wanakaa wapi, mwamba gani unachana nyavu, na maji ya bamvua yatamtoa saa ngapi. Kilichofutwa na msimu ni sanduku. Maarifa yanabaki kwa mwenyewe. Na zaidi, katika mwanzo wa msimu wote ni fukara kwa pamoja, kama kete zinapopangwa upya, na hapo ndipo mtu wa Ukunda anapoweza kucheza na binamu yake aliyeko Dubai au Muscat bila ya mmoja kumbeba mwenziwe mgongoni. Mimi ningemshauri mchezaji aingie msimu pamoja na watu wawili watatu anaowajua kwa sura, wawekeane ahadi ya jioni fulani, na jioni nyingine simu ipumzike. Mwenye ujuzi na amchukue mgeni mmoja ambaye hajamaliza hadithi, ampitishe mapango ya mwanzo, na azuie ulimi wake asimwambie nani atageuka msaliti. Kuiona hadithi tena kwa macho ya asiyeijua ni starehe ambayo hakuna sanduku linaloitoa.

Yote haya, hata hivyo, ni kwa anayetaka kubaki, na kubaki si faradhi. Iko michezo iliyotungwa ili iishe. Aurion, mathalan, uliotolewa mwaka 2016 na kampuni ya Kiro'o Games ya Olivier Madiba huko Yaoundé nchini Kamerun, humtwaa mwana wa mfalme Enzo na mkewe Erine walioporwa kiti cha enzi siku ya kutawazwa, na kuwapitisha katika nchi za kigeni wakitafuta nguvu za wahenga wao. Aliyewafikisha mwisho wa safari yao ameupokea mchezo wote, na kuudai zaidi ni kumdhulumu mtungaji. Hata michezo isiyo na mwisho ina mwisho kwa kila mtu. Baadhi ya watengenezaji wangependa tusiamini hivyo, ndiyo maana wakaweka zawadi ya kila siku kwa anayefungua mchezo, na kumnyima asiyefungua. Zawadi ya namna hiyo inanunua mazoea, na mwenye mazoea pasipo furaha huendelea kufungua sanduku na kulinganisha pete mbili ambazo jawabu lake analijua.

Ewe msomaji, kama umemaliza hadithi na ukaona una deni na mtu, au mbinu ambayo bado vidole vyako havijaiweza, basi rudi, na usisikize anayekuambia kuwa unapoteza wakati. Na kama umetazama huku na huku usione lolote, ufute mchezo katika simu yako leo hii bila ya haya. Michezo hii hula nafasi kubwa mno, na harusi za mwezi wa Agosti zitahitaji mahali pa kuwekea picha.